Sekunde Thelathini za Mwisho

Mwezi wa tano mwaka 2019 nilimpigia kelele mwanafunzi wangu maneno mawili, na ilinichukua karibu miaka miwili kuyameza tena.

"Shika! Usiachie!"

Akashika. Tulikuwa kwenye mashindano ya shule ngazi ya mkoa, mpira wa mikono wavulana, tunaongoza 17 kwa 16, na pale mezani mtunza muda alishainama juu ya saa yake. Wapinzani walikuwa wamepewa mpira huru karibu na katikati ya uwanja. Winga wangu wa kulia, kijana mwembamba wa kidato cha tatu anayerusha kwa mkono wa kushoto, ndiye aliyekuwa na mpira mikononi filimbi ilipolia. Sheria inamtaka auweke chini palepale. Mimi nilitaka asiuweke. Akaukumbatia kifuani kama mtu aliyekabidhiwa jogoo wa wageni, akageuza mgongo, mpinzani akawa anamzunguka akitafuta pa kupenyeza mkono. Sekunde nne, tano. Wanafunzi wetu waliokaa kwenye kivuli cha mwembe wakashangilia ujanja ule.

Mwamuzi akasimamisha muda. Akatoa kadi nyekundu bila haraka yoyote, halafu akanyoosha mkono kuelekea mstari wa mita saba, wa penalti, upande wetu.

Niliingia uwanjani. Naandika hili kwa aibu, maana mwalimu wa michezo akishaingia uwanjani bila kuitwa, ujue hoja zimemwishia. Nilimwambia mwamuzi anatuonea. Kuchelewesha mpira ni dakika mbili nje, nikasema, na hata kama ni nyekundu, sawa, lakini mita saba inatoka wapi wakati mpira uko katikati ya uwanja? Nikamwambia nimesomea. Yule baba, mwalimu mwenzangu mwenye mvi, akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, hiyo sheria yako ni ya mwaka gani?"

Penalti ikapigwa, kipa wangu akiwa amesimama kwenye mstari wa goli kama mlinzi wa geti. 17 kwa 17. Kwenye muda wa nyongeza tukafungwa.

Vitini vyangu vya mpira wa mikono nilivitoa kopi chuoni mwaka 2012, na yenyewe ilikuwa kopi ya kopi. Nilivifunga kwenye mfuko wa nailoni nikavisafirisha kutoka kwetu Lindi mpaka kituo changu cha kazi, huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde, na kwa miaka yote hiyo sikuwa na kitabu kingine. Mengi yaliyomo yalikuwa sahihi na bado ni sahihi. Uwanja mita 40 kwa 20, goli mita tatu kwa mbili, wachezaji saba, hatua tatu, kukaa na mpira sekunde tatu. Lakini mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono lilibadilisha sheria kadhaa, na mabadiliko hayo hayakupanda basi la kuja kwetu. Kipa anaweza kutolewa akaingia mchezaji wa saba wa kushambulia. Mwamuzi akishainua mkono kwamba mnapooza mchezo, mna pasi sita tu kabla ya kurusha (mwaka 2022 zikapunguzwa tena, sasa ni nne). Na katika sekunde 30 za mwisho, mchezaji akizuia au kuchelewesha wapinzani kuanzisha mpira, akawanyima nafasi ya kurusha golini, anatolewa moja kwa moja na wenzake wanapewa mita saba. Haijalishi mpira ulikuwa wapi.

Ukiifikiria vizuri utaona wenye sheria walikuwa wanatutafuta watu kama mimi. Nimekulia kwenye soka, na katika soka mwizi wa muda anapata kadi ya njano na anaondoka na pointi zake tatu. Kipa anajilaza, beki anafunga kamba za kiatu kisicho na kamba, mchezo unakwisha, na mtaani tunawasifu kwamba wana uzoefu. Mpira wa mikono wameamua mwizi alipe papo hapo, na alipe kwa goli.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua usiku, nafua suruali. Mfukoni kulikuwa na kipande cha jalada la kauntabuku, rangi ya kijani, nimeandika herufi T kwa kalamu nene. Ndiyo kadi ya kuombea muda wa mapumziko. Unaiweka mezani timu yako ikiwa na mpira, saa inasimama, unapata dakika nzima ya kuongea na vijana. Sisi tulikuwa na mpira kabla ya kuupoteza. Ningeiweka pale mezani, ningewapanga, pengine tungemaliza mchezo bila kuunyang'anya kwa mtu. Ilikuwa imelowa na herufi imeanza kuchuruzika wino.

Yule kijana hakulia wala hakulalamika. Mwaka ule ulikuwa na uzito wake kwa sababu mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalikuwa yanakuja Mtwara, nyumbani, na kila mchezaji wa wilayani alikuwa anajiona tayari amevaa jezi ya mkoa mbele ya shangazi zake. Yeye hakuchaguliwa. Sidai kwamba ni kwa ajili ya kadi ile peke yake, waliochagua walikuwa na macho yao. Lakini alirudi shuleni akawa anawaambia wenzake, "Mimi ndiye niliyewafungisha," nami nilimsikia kwa masikio yangu, nipo dirishani pa ofisi na kikombe cha chai, nikanyamaza. Ukikaa mahali ambapo watu wanakuita mwalimu toka alfajiri mpaka usiku, unazoea kuwa sahihi. Kukiri kosa mbele ya mtoto wa miaka kumi na saba kunakuwa kazi ngumu kuliko kulima heka.

Mwezi wa sita niliteremka Mtwara mjini kuangalia mashindano ya taifa. Nilinunua mihogo ya kukaanga, nikakaa pembeni ya uwanja wa mpira wa mikono siku tatu mfululizo na daftari jipya. Nilimwalika aje, nauli juu yangu. Alisema ana kazi shambani kwa babu yake.

Mwaka 2020 shule zikafungwa mwezi wa tatu kwa ajili ya korona, michezo ya shule ikafutika kwenye kalenda, na kufikia mwisho wa mwaka kijana akamaliza kidato cha nne akaondoka na cheti chake cha kuhitimu na kadi nyekundu yangu.

Mashindano ya dunia ya wanaume ya mwaka 2021 yalifanyika Misri, kuanzia tarehe 13 mpaka 31 Januari. Ilikuwa mara ya kwanza timu kufika 32. Kabla ya hapo zilikuwa 24. Afrika iliingiza timu saba, na hilo ndilo lililonifanya niweke bando. Nilikuwa naegemeza simu kwenye boksi la chaki baada ya vipindi, vijana kama wanane hivi wananizunguka, wa nyuma wanasimama juu ya madawati nami najifanya sioni. Viti vya ukumbini Cairo vilikuwa vitupu, kwa sababu ya ugonjwa mashabiki hawakuruhusiwa, kwa hiyo tulisikia kila kitu: viatu vinavyopiga mluzi kwenye sakafu, makocha wanavyofoka, mpira unavyogonga mwamba.

Vijana wangu walichagua timu siku ya kwanza. Kongo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa inacheza mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, na mbele yao alikuwepo mtu mmoja mnene, Gauthier Mvumbi, zaidi ya kilo mia, anasimama katikati ya ukuta wa mabeki kama kontena la bandarini. Mtandaoni walishamwita El Gigante, na Shaquille O'Neal wa mpira wa kikapu alimtumia salamu. Kongo walifungwa mechi zote tatu za kundi, Denmark waliwafunga 39 kwa 19, lakini vijana hawakujali. Walichokiona ni kwamba mtu wa umbo lile ana kazi.

Na kazi yenyewe niliielewa vizuri pale kwenye simu kuliko kwenye vitini. Mtu huyo anaitwa pivoti: analipa goli mgongo, anaweka mwili wake kati ya beki na mpira, mpira ukimfikia anajizungusha na kurusha kabla hajaangukia ndani ya mstari wa mita sita. Hahitaji mbio. Tulikuwa na kijana mmoja mkubwa ambaye toka kidato cha kwanza kila mwalimu alimwona akafikiria tufe. Kesho yake nilimtoa golini, nilikokuwa nimemweka kwa hesabu ya kitoto kwamba mnene anaziba goli, nikamsimamisha mstarini. Wenzake wakambatiza Mkongo. Wiki mbili baadaye mabeki wawili walikuwa wananing'inia mabegani mwake na bado anarusha.

Cape Verde nao walitufundisha kitu, ila kwa huzuni. Walicheza mechi moja tu, na Hungary, wakafungwa 34 kwa 27, halafu korona ikawapunguza mpaka wakakosa idadi ya wachezaji wanaotakiwa, wakajitoa. Mechi zao mbili zilizobaki zikahesabiwa wamefungwa 10 kwa 0. Uruguay wakasonga mbele hatua inayofuata kwa sehemu hiyo. Vijana waliona ni uonevu. Mimi nilikuwa nakumbuka mwezi wa kumi na moja uliopita, msimu wa kuokota korosho, nilipoita mazoezi wakaja watano. Mzazi gani atakuruhusu mtoto arushe mpira wakati korosho zimejaa chini na mvua imekaribia? Toka hapo sikupanga tena mazoezi ya jioni kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Tulikuwa tunafanya asubuhi kabla ya namba, nusu saa, basi.

Halafu kuna habari ya gundi. Siku ya tatu au ya nne kijana mmoja akauliza kwa nini wale wazungu wanashika mpira kwa vidole vya juu, mkono umegeuka, na haudondoki. Mpira wa wanaume una mzingo wa sentimita 58 mpaka 60, si kitu cha kukamata kwa kiganja kimoja kirahisi. Nikawaeleza kwamba wanapaka gundi maalumu ya utomvu wa misonobari, kwenye vidole na wengine wanaihifadhi nyuma ya kiatu.

"Mwalimu, hiyo si ulimbo tu?"

Ulimbo wa kunasia ndege wanaujua toka wakiwa na miaka sita. Kesho yake jioni wakaja na kopo. Walichanganya ulimbo na gundi inayotoka kwenye shina la mkorosho, wakaichemsha, sijui kwa nani. Nikauliza kama kuna mafuta ya ganda la korosho ndani yake, maana yale yanababua ngozi na sikutaka kuandika barua za wazazi. Wakanicheka, mtoto wa huku haulizwi swali hilo. Wakajipaka. Pasi ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, mpira ulikaa kwenye vidole kama umeota pale. Pasi ya pili ikaanguka chini.

Uwanja wetu ni mchanga mtupu. Mpira ukaokotwa ukiwa kama kashata, umevaa mchanga pande zote, na kila aliyeudaka alibaki na ngozi ya kiganja imekwanguliwa. Tulikaa chini wote na vipande vya magunzi na mafuta ya taa kuusafisha, ndio mpira pekee tuliokuwa nao, na mpaka leo una madoa. Ukumbi wa Cairo una sakafu. Nilijifunza kuangalia simu kwa jicho la mtu anayejua anakoishi.

Lakini jambo lililotusaidia kuliko yote kutoka Misri ni mkono wa kushoto, na nashangaa lilivyokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Angalia timu yoyote kubwa: winga wa kulia ni wa kushoto, na mrushaji wa nyuma upande wa kulia naye ni wa kushoto. Misri walikuwa na Yahia Omar na mkongwe Ahmed El-Ahmar, wote wa kushoto, na timu nzima ilikuwa inawazunguka. Sababu ni hesabu tu. Anayerusha kwa kulia akiwa kona ya kulia, mkono wake uko karibu na mstari wa nje, goli analiona kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Wa kushoto akiruka kutoka kona hiyohiyo, mkono wake unaingia ndani ya uwanja na goli linafunguka. Mtu wa upande mmoja huwezi kumfanya wa upande mwingine kwa mazoezi ya mwezi.

Nikapita darasa kwa darasa kuangalia nani anaandika kwa kushoto. Shule ya wanafunzi mia nne na kitu, nikapata wasichana wawili na mvulana mmoja mwenye pumu. Nilipowaambia ofisini, mwalimu wa kike mwenye umri wa mama yangu akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, wewe unatafuta kwenye daftari? Sisi hawa wa kushoto tulishawageuza darasa la kwanza. Na bibi zao walishawageuza kabla yetu, kwenye sahani."

Ni kweli. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Mtoto akiuweka kwenye ugali anapigwa kofi la mkono. Nikauliza sasa nifanyeje. Akanijibu kwamba ni msimu wa embe.

Sikuelewa mpaka saa nne, mapumziko, nilipotoka nje nikawakuta vijana chini ya miembe nyuma ya bweni wakiangusha embe kwa mawe. Huko hakuna bibi wala mwalimu. Nikasimama pembeni nikahesabu. Sita walikuwa wanarusha kwa kushoto, na wawili kati yao walikuwa hawakosi. Wote sita darasani wanaandika kwa kulia, mwandiko mbaya. Nikawakamata hapohapo, wakadhani ni adhabu ya kuchuma embe za shule, mmoja akakimbia, ikabidi atumwe mwenzake kumfuata kwamba mwalimu anamtaka kwa heri.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipomkumbuka winga wangu wa 2019. Yeye aliwahi kuniambia kwamba nyumbani kwao alifungwa kitambaa mkono wa kushoto kwa mwezi mzima akiwa mdogo. Uwanjani kwangu ndipo mahali pa kwanza alipoambiwa autumie. Na mimi ndiye niliyemwambia afanye nao nini siku ile.

Robo fainali ilikuwa Jumatano, tarehe 27 Januari. Misri na Denmark. Vijana walisharudi makwao, nilikuwa peke yangu barazani kwenye mkeka, simu imeegemea jagi la maji, giza linaingia. Denmark walikuwa mabingwa watetezi. Huko ndiko mchezo wenyewe ulikoandikiwa sheria mapema kabisa: mwalimu wa michezo aitwaye Holger Nielsen, mwaka 1898, shuleni Ordrup, aliwatungia wanafunzi wake mchezo wa mikono. Mwalimu mwenzetu. Mimi moyo wangu ulikuwa Misri bila kuficha, Afrika yote ilikuwa pale, na kusema kweli sikutegemea kitu.

Dakika 60 zikaisha 28 kwa 28. Nikasahau ugali jikoni. Muda wa nyongeza, mara mbili dakika tano, na Denmark wakawa mbele sekunde za mwisho. Halafu Mikkel Hansen, nyota wao, mmoja wa warushaji wakubwa kuwahi kutokea, akazuia Misri wasianzishe mpira haraka. Mwamuzi akatoa kadi nyekundu. Mkono ukanyooshwa kwenye mita saba.

Nilisimama kabisa. Jirani yangu upande wa pili wa uzio wa makuti akauliza kama kuna nyoka.

Lilikuwa kosa langu lilelile. Mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, mwenye makocha na madaktari na video, sheria imeshafikisha zaidi ya miaka minne, na bado mwili wake ukafanya kile ambacho mwili wa mtu anayeongoza kwa goli moja unataka kufanya. Misri wakasawazisha, mchezo ukaingia nyongeza ya pili. 35 kwa 35. Sasa ni kupiga mita saba, mmoja mmoja, na golini kwa Denmark kuna Niklas Landin, mita mbili na ushee, anasogea mbele mpaka kwenye mstari wa mita nne ambako kipa anaruhusiwa kufika, anatanua mikono na miguu mpaka goli linabaki kama dirisha la choo. Nilikuwa namkumbuka kipa wangu aliyebaki nyuma mstarini kwa sababu sikuwahi kumfundisha kwamba anaweza kusogea. Mpigaji akachukua mpira.

Bando likakata.

Kuna duka la wakala pale njia panda, hatua kama mia mbili. Nilikimbia na kandambili, moja ikabaki njiani. Kulikuwa na mama mmoja mbele yangu anatoa pesa. Nikachungulia ndani kwenye nondo za dirisha nikamwona aliyekaa chini ya taa ya sola na daftari la miamala.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hee, uko hapa?"

"Nasubiri kupangiwa shule. Duka la mjomba."

"Niunganishie bando la elfu moja, haraka. Samahani mama. Misri na Denmark wanapiga mita saba."

Aliniangalia, akaangalia mguu wangu usio na ndala. Hakuunganisha bando. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaisimamisha kwenye pakiti ya biskuti, akanifungulia mlango wa pembeni. Tukaketi kwenye kreti za soda. Mama wa pesa naye akaegemea nondo kutazama, akauliza weusi ndio wetu, nikamwambia Misri ndio wetu. Yaliyobaki yalikwisha kwa dakika chache. Denmark manne, Misri matatu. Matokeo yakaandikwa 39 kwa 38.

Tukanyamaza. Wachezaji wa Misri walikuwa wamelala sakafuni ukumbi mtupu.

"Walikuwa wanashinda wale," akasema.

Nikamweleza alichokosa kabla hajafungua simu. Nikamweleza kadi ya Hansen, sekunde za mwisho, mpira usioachiwa, mita saba. Nilikuwa naeleza harakaharaka, kama mtu anayepita karibu na mlango bila kutaka kubisha. Alikuwa anakunja pembe ya daftari lake la miamala kwa kidole gumba cha kushoto.

"Kocha wake ndiye aliyemwambia ashike?"

"Hapana," nikasema. "Yeye hakuambiwa na mtu. Wewe ndiye uliyeambiwa. Mimi ndiye niliyekuambia, na sheria sikuwa naijua. Mwamuzi alikuwa sahihi. Wewe hukufungisha mtu."

"Jamani, mimi natoa elfu ishirini," mama akasema dirishani, "mmenisahau?"

Akasimama, akamhudumia, akahesabu noti mara mbili kama wanavyofanya mawakala, akaandika kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, akampa mama asaini. Kisha akakaa tena kwenye kreti.

"Ile kadi ya kijani ulikuwa nayo, mwalimu. Ilikuwa inachungulia mfukoni. Nilikuwa nakuangalia wewe, nikajua utaitoa."

Sikuwa na la kusema. Akaniunganishia bando, akakataa elfu yangu, nikaiacha juu ya kreti.

Jumapili alikuja shuleni. Nilikuwa nimewaita vijana kuangalia fainali, Denmark na Sweden, naye akatokea na betri la sola la mjomba wake ili simu isizime. Denmark wakashinda 26 kwa 24. Ikatangazwa kwamba mchezaji bora wa mashindano ni Mikkel Hansen.

"Siku nne tu," akasema. "Wamemsamehe siku nne."

Kisha akauliza wale wa kushoto ni wapi. Nikamwonyesha wawili wasiokosa embe. Akawachukua mpaka kona ya kulia ya uwanja, akavua viatu, akachora mstari kwa kisigino, akawaambia waruke ndani siyo mbele, na wa kwanza alipouliza mkono auweke wapi, akamshika kiwiko cha kushoto akakiinua juu ya sikio.

"Hapa. Usiushushe."